Waya mwembamba chini ya mlango

Ami yangu amefunga saundi za kupamba hapa Mombasa zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuuona ukumbi ukiwa umejaa. Hufika asubuhi, akatandika waya, akasimamisha spika, akajaribu maiki moja mbili moja mbili, afu alasiri ikiingia na wanawake wakianza kuteremka magarini yeye hushika mkoba wake wa vyombo akatoka. Ndo ada, na mwenyewe hangetaka iwe vingine. Kupamba ni kwa wanawake. Bibi harusi anaonyeshwa wenziwe, mabuibui yanavuliwa, simu zinaachwa mlangoni, na mwanamume hata akiwa fundi hana lake mle ndani.

Mimi ndo huingia. Nlianza nilipomaliza kidato cha nne, ami akitaka mkono wa ndani, mtu wa kupandisha maiki ya mwimbaji na kushusha spika zikianza kulia wiii, na kidogo kidogo kazi ikaniingia damuni hadi leo ndo mkate wangu. Watu huniuliza sana habari ya kuunganisha saundi kwa netiweki, swichi gani, kebo gani, mbona yangu inakwaruza, na nmeona niyaandike kwa urefu mara moja manake jibu fupi hapa hupoteza watu.

Kwanza ujue shida yetu ilikuwa nini. Mwimbaji wetu ni mwanamke, anakaa ndani na mimi kwenye steji. Wapigaji wa kinanda, fidla na ngoma ni wanaume, wanakaa chumba cha nyuma na ami. Muziki wao lazima uingie ukumbini na sauti ya mwimbaji lazima itoke iwafikie wao, manake hawamwoni, wanamfuata kwa masikio tu, akivuta pumzi wanatakiwa waisikie ile pumzi. Kwa hiyo katikati ya vyumba viwili lazima kuwe na njia ya kwenda na ya kurudi.

Miaka yote hiyo njia ilikuwa ile kebo tunayoita sneki, nene kama mkono wa mtu mzima, chaneli 24 ndani yake, yaani njia 24 za sauti, mita 50, ya kubebwa na watu wawili kutoka kwa tuktuk hadi ndani. Na ilikuwa inapita mlangoni. Mlango wenye sneki chini yake haufungi. Unabaki wazi pengo la vidole vitatu vinne, na ami alikuwa na leso moja ya zamani ya kutundika pale kuziba, na kila harusi bila kukosa atatokea mama mmoja aje hadi kwenye mikisa yangu, ile meza ya kuchanganya sauti.

"Mwanangu, huo mlango mbona wazi?"

"Mama ni waya, hauwezi kufungwa."

"Waya gani na sisi tuko kichwa wazi hapa?"

Nlikuwa sina la kujibu kwa sababu alikuwa na haki. Leso ikipigwa na upepo wa feni inainuka, na nje kuna vijana wanapita na sinia.

Bas, ndo nkaanza kusoma habari za Dante. Dante ni mfumo wa kampuni ya Audinate ya Australia, ilioanza 2006, na kazi yake ni kuibeba sauti ndani ya netiweki ya kompyuta ya kawaida, ile ile ya kebo ya maofisini yenye kichwa cha RJ45. Iko mingine, kuna AVB, kuna Ravenna, na tangu 2013 kuna AES67 ambayo ni makubaliano ya kuwezesha mifumo tofauti isikilizane, lakini mikisa yetu ilikuwa na nafasi ya kadi ya Dante na lile sanduku la chumba cha nyuma, la kuchomekea vyombo vya wapigaji, lilikuwa la Dante, kwa hiyo hapo hakukuwa na cha kuchagua.

Nlipomwonyesha ami ile kebo, nyembamba kama kamba ya kuanikia nguo, aliishika akaipima kwa vidole afu akaniuliza chaneli 24 zote zapita humu? Nkamwambia hata 64 zapita, kwenda na kurudi. Akanyamaza. Afu akaniuliza na bando yake je, hiyo ikiisha katikati ya harusi?

Na hilo swali si la ami peke yake, kila mtu akisikia netiweki anasikia intaneti. Hapa kwetu ni rahisi kuchanganya, si waya za baharini SEACOM na TEAMS zilifika hapa hapa Mombasa 2009, tangu hapo neno netiweki kwetu ni mambo ya dunia nzima. Lakini hii haitoki hata nje ya geti. Ni mikisa, swichi (kile kidude cha tundu nyingi cha kuunganisha kebo za netiweki), sanduku, na kebo katikati. Haina laini, haina bando, haimjui mtu yeyote wa nje. Ukivichomeka bila hata ruta, vifaa vyenyewe vinajipa anwani za kuanzia 169.254 na vinaonana. Nlimwambia ami fikiria ni simu ya kamba kati ya vyumba viwili, ila kamba ina akili, na akalikubali hilo.

Sasa hesabu, manake nataka uone kwa nini swali la "spidi" ndo swali lisilo la maana sana hapa. Sauti yetu inakatwa sampuli, yaani vipande vidogo vidogo, 48,000 kila sekunde, kila sampuli biti 24. Zidisha, unapata megabiti 1.152 kwa sekunde kwa chaneli moja. Chaneli 64 ni kama megabiti 74, ongeza na yale maandishi ya juu ya kila pakiti, vile vifurushi vidogo sauti inamosafiria, ya kusema inatoka wapi inaenda wapi ufike kama mia. Swichi ya gigabiti ina megabiti 1,000. Nafasi imejaa tele. Kwa hiyo mtu akikuuzia swichi akakwambia hii ni faster, mwambie asante lakini shida yangu ni saa.

Saa kweli, saa ya kupima wakati. Kila kifaa cha dijitali kina kipande cha fuwele ndani kinachodundadunda na kukiambia sampuli hii sasa, hii sasa, hii sasa, mara 48,000 kwa sekunde. Na fuwele mbili hazilingani kamwe. Zikitofautiana sehemu 20 tu katika milioni, ambayo ni kawaida kabisa, basi kila sekunde moja mmoja amemzidi mwenziwe karibu sampuli nzima. Ndani ya dakika ni sampuli kama 58. Zile zilizozidi ziende wapi? Ndo unasikia tak. Tak. Kwa hiyo kwenye Dante vifaa vyote vinachagua kimoja kiwe kiongozi wa saa na vingine vinamfuata, kwa njia inayoitwa PTP, kiongozi anatuma ujumbe mdogo mdogo wa saa ngapi sasa na wafuasi wanajirekebisha. Waliokaa maulidi yenye matari wanaelewa bila kuelezwa, kuna mmoja pale anayeshika mwendo na wengine wote mikono yao iko kwake, na akija mtu mwenye mkono mzuri lakini anafuata moyo wake mwenyewe basi kasida imevunjika.

Na ule ujumbe wa saa ni mdogo sana lakini haukubali kucheleweshwa. Hapo ndo tuliponaswa.

Ilikuwa harusi upande wa ng'ambo ya Nyali, ukumbi mkubwa, mzuri, AC ya kweli. Tumevuka daraja mapema, na kijana wa kompyuta wa ukumbi, mkarimu sana, akatwambia kwa nini mnahangaika kutandika kebo, ukumbi una tundu za netiweki kila ukuta, chomekeni tu zote zinafika kwa swichi moja. Nkaona ni rehema. Hakuna waya chini ya mlango kabisa, si wembamba si mnene. Tukajaribu saa sita mchana, sauti safi kama maji.

Saa kumi na mbili watu wakajaa. Kamera za ulinzi zilikuwa kwenye swichi hiyo hiyo. Wifi ya ukumbi kwenye swichi hiyo hiyo, na nje kwenye maegesho wanaume wanasubiri na simu zao. Mwimbaji akafungua mdomo na nkasikia tak. Nkadhani ni kichwa cha maiki. Tak tak. Afu kinanda kikakatika nusu sekunde kikarudi, na mwimbaji akanigeukia, na ule uso wake sijausahau, alidhani amekosea yeye.

Tuliirudisha sneki. Ami alikuwa nayo ndani ya gari, hakuwa ameniambia. Tuliitandika ndani ya dakika kumi, mimi ndani yeye nje, tukasukumiana ncha kupitia mlangoni bila kuonana, na bibi harusi amekaa chumba cha pembeni anasubiri na maua kichwani. Mlango ukabaki wazi. Leso ikatundikwa. Mama mmoja akaja akaniuliza na nkamwambia nisamehe mama.

Sikulala vizuri wiki ile. Nliomba ruhusa ukumbi ukiwa mtupu nkarudi na vyombo vyote na binamu yangu mmoja wa kike wa kunisaidia. Kwanza nkaitoa saundi kwenye swichi ya ukumbi nkaweka swichi yangu peke yake, kebo zangu, hakuna kitu kingine kimechomekwa. Zile tak tak karibu zote zikaisha hapo hapo. Picha za kamera nane zinapita bila kusimama na ujumbe wa saa umekwama nyuma yao foleni, kama baiskeli nyuma ya malori pale Changamwe, na swichi ile haikupangwa kumpa mtu njia ya kwanza. Ukiwa huna budi kutumia swichi ya wenyewe basi awepo mtu wa kuiingia ndani yake na kuipanga, ujumbe wa saa upite mbele, sauti ifuate, mengine yote nyuma. Huna mtu huyo, weka yako.

Lakini ikabaki tak moja, kila baada ya dakika kadhaa. Hii ilinitesa. Nkabadilisha kebo. Nkaangalia mikisa, manake mikisa nayo unaweza kuiacha inafuata fuwele yake ya ndani huku kadi inafuata netiweki, na hapo utakwaruzwa hadi kiama, lakini yangu ilikuwa sawa. Mwisho nkafungua ile programu ya Dante Controller, ni ya bure, ina ukurasa wa hali ya saa, na nkaona saa ya sanduku inayumba, inatulia, inayumba. Ilikuwa swichi yangu mwenyewe. Ilikuwa ya zile za kuhifadhi stima, tundu likiona pakiti zimepungua linasinzia kidogo liokoe umeme afu linaamka. Kwa kompyuta ya ofisi hakuna atakayejua. Kwa saa ya sauti ule usingizi mfupi ni balaa. Na kwenye zile swichi za bei ya chini huwezi kuuzima, hauna pa kuuzimia. Nkanunua nyingine ambayo unaingia na laptopu ukauzima, na tangu siku hiyo sijaisikia tena. Ukibakia na jambo moja tu kwenye maandishi haya yote basi uliza hilo dukani kabla ya kutoa pesa, hii inasinzia, na naweza kuizuia?

Jambo la pili la siku ile silo la ufundi, au ni la ufundi lakini lilinikaa moyoni tofauti. Kabla sijaitoa saundi kwenye swichi ya ukumbi nlitaka kujua inafika wapi. Nkachukua laptopu nkaenda ofisi ya ukumbi, chini kabisa, nkachomeka kwenye tundu la ukutani lililo nyuma ya meza, nkafungua ile kadi ya sauti ya Dante ya ndani ya kompyuta. Chaneli zetu zote zikajipanga mbele yangu kwa majina niliyoyaandika mwenyewe. Mwimbaji. Kinanda. Fidla. Somo. Nkabonyeza Somo, ile maiki ya mwanamke anayemfunda bibi harusi, nkavaa hedifoni. Juu, ghorofa nzima juu yangu, binamu yangu alikuwa amekaa karibu na ile maiki anahesabu viti kwa kunong'ona, ishirini na mbili, ishirini na tatu, na nlimsikia kana kwamba ananinong'oneza mimi.

Nkaivua ile hedifoni.

Manake maiki ya somo ndo maiki ya mambo ya wanawake. Anamwambia bibi harusi, anawaambia wenziwe, wanacheka, kuna maneno pale hata mimi nliyaona mapya. Mabuibui yamevuliwa, simu zimeachwa mlangoni, tumehangaika na leso ya kuziba pengo la vidole vitatu, na kumbe ule usiku mtu yeyote mwenye laptopu na programu hiyo kwenye tundu lolote la ukumbi ule angeweza kukaa akasikiliza. Sisemi kuna aliyefanya. Nasema mimi ndo nliyeuacha ule mlango wazi bila kujua, na kwa hiyo siku hizi hata ukumbi uwe na swichi ya maana na fundi wake wa kuipanga, saundi ya kupamba siichomeki kwenye netiweki ya mtu. Swichi yangu, kebo zangu, na ile ruta ndogo ya kunipa wifi ya kuendesha mikisa kwa tableti ina nywila ndefu na haina laini ya simu. Wifi yenyewe ni ya kusukuma vidude tu, sauti haipiti hapo, Dante hainuiwi kupita hewani hivyo.

Kebo sasa. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu Mombasa ina chumvi. Vile vidole vya dhahabu vya kichwa cha RJ45 vikiwa vya bei rahisi vinaota kijani ndani ya miezi, hewa yetu haina huruma, kwa hiyo navihifadhi kwenye mfuko wa plastiki na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Kebo iwe ya shaba tupu. Kuna ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ukiikwaruza kwa kisu utaona weupe, iache dukani. Isizidi mita 100 kutoka tundu hadi tundu.

Na kukandamiza kichwa jifunze mwenyewe. Nachuna ganda sentimita mbili tatu, nanyoosha zile nyuzi nane kwa ukucha hadi zilale kama nywele zilizochanwa, nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya hudhurungi, hudhurungi, nazikata sawa, nazisukuma hadi nione ncha zote zinang'aa mwisho wa kichwa, na ganda la nje liingie ndani libanwe pia, manake lisipobanwa uzito wote uko kwenye nyuzi na mtu wa kwanza kujikwaa ameimaliza. Buluu au hudhurungi ikikatika netiweki haifi, hiyo ndo hatari yake, inashuka kimya kimya kutoka gigabiti hadi megabiti 100 manake 100 inatumia jozi za chungwa na kijani peke yake. Kwenye swichi yangu taa ya tundu hugeuka kutoka kijani kuwa ya manjano. Kwa hiyo kabla ya watu kuingia mimi huinama nkazitazama taa.

Na tafadhali, si kila tundu la RJ45 ni netiweki. Mikisa ya Behringer X32 kwa mfano ina tundu za AES50, mfumo mwingine wa kubeba sauti, zenye umbo hilo hilo, zinabeba chaneli 48 kila upande, lakini ni za kifaa kwa kifaa moja kwa moja kwa kebo yenye kinga ya chuma. Ukiipitisha AES50 kwenye swichi haiendi popote. Nmeona watu wazima wakishinda siku nzima hapo.

Kuhusu kuchelewa, ami alikuwa na wasiwasi kuliko mimi, kwamba mwimbaji na wapigaji wataachana. Dante ya kawaida inachelewa milisekunde 1. Kwa joto letu sauti ndani ya milisekunde 1 inatembea hewani kama sentimita 35. Kutoka steji hadi chumba cha nyuma ni kama mita 40, kwa hiyo mpiga fidla angekuwa anamsikiliza mwimbaji kupitia ukumbini, hewani, angechelewa zaidi ya milisekunde 110, hapo huwezi kupiga pamoja na mtu. Kwa waya ni kama amekaa ubavuni mwake.

Tulirudi ukumbi ule ule miezi kadhaa baadaye, harusi nyingine. Kebo moja nyembamba chini ya mlango, nimeibandika kwa tepu. Nliongeza maiki mbili nimezielekeza ukumbini, za vigelegele, manake wapigaji wanatakiwa wajue bibi harusi ameingia bila mtu kuwakimbilia. Kabla ya kutoka ami alikuja akatazama ile programu pamoja nami, ile karatasi ya vyumba vyumba, juu kinachotoka, kando kinachopokea, na alama ya kijani pale palipounganishwa. Mwimbaji, ipo. Vigelegele kushoto, ipo. Kulia, ipo. Akaweka kidole kwenye safu moja iliyokuwa tupu upande wake wote.

"Hii yaani?"

"Hiyo ni somo, ami."

"Haya. Iache vivyo hivyo."

Akatoka. Na bibi harusi alipoingia nliisukuma juu ile chaneli ya vigelegele, na wapigaji wakaingia nao saa ile ile, kinanda mbele fidla nyuma yake. Ami aliniambia usiku tukipakia gari kwamba alizivua hedifoni akazivaa tena, kuhakikisha ni za sasa hivi. Miaka yote alikuwa anavisikia vile vigelegele kupitia ukuta.

Mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna mama aliyekuja. Ile leso sa hizi naizungushia swichi ninapoisafirisha, isije ikagongana na chuma ndani ya tuktuk.